Mkono Uliotafuta Majani

Mkono wangu wa kulia unanyooka mpaka mwisho. Najua hilo si jambo la kujisifia, maana mikono ya watu wengi inanyooka. Lakini mimi ni kocha wa timu ya taifa ya judo, na kabla ya hapo nilikuwa bingwa wa nchi kwa miaka kadhaa, na kwa watu wa kazi yetu kiwiko kizima ni mali. Wengi niliopambana nao ujanani wana viwiko vilivyopinda kidogo, na kipindi cha baridi wanavisugua kwa dawa ya kuchua huku wakilaani. Changu hakiumi. Kila asubuhi nikivaa shati na mkono ukapita bila shida, namkumbuka mtu mmoja wa Endabash ambaye saa hiyo pengine yuko zizini anakamua, na ninamshukuru. Sijawahi kumwambia kwamba ni kila asubuhi. Angenicheka mpaka msimu wa kupanda.

Nimezaliwa Ololosokwan, upande wa Loliondo, kwenye boma la mfugaji. Nilikuja Karatu kusoma sekondari, na niseme ukweli, Karatu haikunipendeza hata kidogo. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukakaa juu ya mabweni mpaka saa nne za asubuhi. Ukungu ukiondoka linakuja vumbi jekundu, linaingia kwenye uji, linaingia masikioni. Magari ya watalii yalipita bila kusimama. Na wenyeji wa pale, Wairaqw, ambao sisi wengine tunawaita Wambulu, walikuwa wanalima. Walilima asubuhi, walilima jioni, na walipopumzika walizungumzia kulima. Kwangu mimi jembe lilikuwa kitu unachopewa na mwalimu wa zamu ukichelewa kuamka.

Judo niliikuta pale kwa bahati. Mzee mmoja, askari mstaafu aliyeoa Karatu akabaki hukohuko, alikuja kumwomba mkuu wa shule uwanja wa mpira siku za Jumamosi. Alikuwa mfupi, shingo nene, na sauti ya gwaride ambayo hakuwahi kuiacha kazini. Alituambia atatufundisha kumwangusha mtu aliyetuzidi nguvu. Tulijaa uwanja mzima. Wiki zilizofuata hatukumwangusha mtu yeyote, tulijiangusha wenyewe, kwa mgongo, kwa ubavu, mbele na nyuma, mpaka wengi wakarudi kwenye mpira. Waliobaki ni wale wenye vichwa vigumu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tatami, ile mikeka mizito ya judo, tulikuwa tunaiona kwenye picha tu. Tatami yetu ilikuwa nyasi za uwanja. Wakati wa mvua zilikuwa laini, ukianguka unainuka na matope mgongoni na unafurahi. Kufika mwezi wa nane ardhi ilikuwa imekauka ngumu, na mwalimu akawa anatembea kati yetu akisema, "Hii ndiyo ya wanaume hii. Anguka vizuri au uumie, chagua!" Nilimwogopa mzee yule na sasa hivi ningetoa chochote anifokee tena.

Alinipanga na kijana wa Kiiraqw kutoka Endabash, kijiji cha hukohuko Karatu, kwa sababu tulikuwa na uzito mmoja. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, maharage na mbaazi, na mabega ya yule kijana yalionyesha jembe limeanza naye mapema. Alikuwa mpole, msemaji wa maneno machache, na karibu yote yalikuwa ya kunitania. Aliniuliza kama kwetu tunajua kwamba ugali unatoka shambani. Mimi nilimwuliza kama ng'ombe wao wanne wana majina au wanawaita kwa pamoja. Kila Jumamosi tulishikana kola, tukavutana, tukaangushana, na tukaenda kula pamoja.

Siku ya kwanza aliponifunga mkono chini ndipo jambo lenyewe lilipoanzia. Kufungwa mkono ni hivi: mwenzako anakulaza chali na kukuwekea miguu kifuani, mkono wako uko katikati ya mapaja yake, na anauvuta ili kiwiko kielekee upande ambao kiwiko hakikuumbwa kuelekea. Ukizidiwa unagonga chini kwa mkono ulio huru, au unamgonga yeye, naye anaachia. Mwalimu alikuwa ametueleza hayo mara nyingi. Lakini maumivu yaliponikuta sikugonga. Mkono wangu wa kushoto ulishika nyasi, ukazing'oa, nikaziinua juu. Yule kijana akaendelea kuvuta. Nilipiga kelele iliyosikika mpaka jikoni kwa wapishi.

"Sasa wewe ulikuwa unanipa majani niyafanye nini?" aliniuliza tulipokaa.

Nikamweleza. Kwetu, toka tukiwa wadogo machungani, tulipigana kwa fimbo kila siku. Aliyezidiwa akishika majani, akayang'oa na kuyainua, fimbo inashuka hapohapo. Majani ndiyo uhai wa ng'ombe, na ng'ombe ndio uhai wetu. Anayempiga mtu mwenye majani mkononi amejiharibia, na wazee wataliongea jambo lake hata akiwa na wajukuu. Na aliyeinua majani naye akaamua kurudi kupigana, huyo ni mbaya zaidi. Haya hatukufundishwa kwa maneno. Nilikuwa nimeyafanya kabla sijajua kufunga lubega.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo. "Na kiangazi majani yakiisha?"

"Kiangazi tunapigana kidogo."

Alicheka sana. Lakini kuanzia siku ile, nikishika majani aliachia. Mwalimu alifoka, "Gonga! Judo ni kugonga!" Nikawa nagonga nikikumbuka, na nikizidiwa kweli nang'oa nyasi. Baada ya muda mzee aliona kwamba kugonga juu ya majani hakutoi sauti hata hivyo, na kwamba hatuumizani, akaacha. Mwisho wa muhula ile pembe ya uwanja tuliyozoea ilikuwa na vipara, na mwalimu wa michezo akawa anawasingizia mbuzi wa majirani.

Tulimaliza shule tukaendelea. Yeye alirudi shambani Endabash, mimi nikapata kibarua Mang'ola, kupakia magunia ya vitunguu kwenye malori ya wafanyabiashara. Kazi ile ilinijenga mgongo kuliko zoezi lolote nililolifanya baadaye. Kila Jumamosi nilidandia lori mpaka Karatu, naye alikuja kwa baiskeli, na mzee alitungoja uwanjani na filimbi yake.

Mwaka mmoja mzee alitupeleka Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Kabla ya kwenda nilipanda nyumbani kumuaga baba. Baba hakuwa mkali, lakini alikuwa amechoka kuulizwa na wenzake kijana wake anafanya nini huko. Aliniambia amenivumilia vya kutosha. Niende hiyo safari moja. Nikirudi na ushindi, sawa. Nikishindwa, nirudi kwenye ng'ombe, na habari za kukumbatiana na wanaume wenzangu zitakuwa zimekwisha. Nilikubali, kwa sababu kwa baba yangu hukuwa na la kusema zaidi ya kukubali. Kwa hiyo nilipoingia ule ukumbi wa Dar, wenye joto la kutisha na watu waliozoea joto, nilijua ninachopigania.

Nilishinda pambano la kwanza, nikashinda lililofuata. Upande wa pili wa ratiba alikuwa yule mwenzangu wa Endabash, naye anaangusha watu mmoja baada ya mwingine kwa ule upole wake. Jioni tukakutana fainali. Vijana wawili wa uwanja mmoja wa nyasi, na mzee wetu amekaa katikati ya viti viwili vya makocha asijue akalie cha nani. Mshindi angeingia timu ya taifa na kusafiri nje.

Tuliinamiana, tukashikana. Nilimjua na alinijua. Hakuna aliyemdanganya mwenzake kwa lolote, tulizungukana tu mpaka watazamaji wakaanza kuzomea. Nikajaribu kumpiga mtama, akauruka, tukaenda chini pamoja, na kabla sijageuka mkono wangu wa kulia ulikuwa katikati ya mapaja yake.

Nakumbuka taa za dari. Nakumbuka kiwiko kikianza kuniambia kwamba sasa basi. Kama ningekuwa na akili ningegonga. Lakini mtu akizidiwa kiasi kile, mwili unarudi ulikozaliwa. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kutafuta majani. Ulipapasa tatami, ukakwaruza, ukasogea pembeni ukapapasa tena, na hakukuwa na kitu pale ila plastiki ya kijani. Hata ile rangi ya kijani ilikuwa inanidhihaki. Mwamuzi aliinama karibu akitazama, akafikiri natafuta mahali pa kujisukumia nijinasue. Watu walikuwa wanashangilia. Katika ukumbi ule mzima hapakuwa na mtu aliyejua ule mkono unatafuta nini, isipokuwa yule aliyekuwa anauvunja ule wa kulia.

Akaniachia.

Aliachia mkono wote, akaketi pembeni, mikono yake juu ya magoti. Mzee wetu akasimama. Mwamuzi hakuwa ameona mtu akigonga, kwa hiyo kwake hakuna aliyeshindwa. Alitusimamisha, akatupanga katikati, na akaamuru tuendelee.

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anapumua kwa nguvu na hakunitazama. Alikuwa tayari kuanza upya, bingwa aliyeutoa ubingwa mkononi mwake mwenyewe, na wala hakuonyesha kinyongo. Na mimi nilikuwa na baba yangu kichwani, na ng'ombe, na magunia ya vitunguu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuinua majani. Kwamba hayakuwepo si kosa lake. Nikapiga magoti peke yangu katikati ya tatami, bila mtu kunishika, nikagonga chini kwa kiganja, nikagonga tena kwa nguvu ili mwamuzi asikie.

Watu walicheka. Walicheka mno, na hata mimi ningekuwa jukwaani ningecheka, mtu mzima kugonga wakati hakuna anayemgusa. Waamuzi waliitana, wakashauriana, mwishowe wakampa mwenzangu ushindi. Tulipoinamiana aliniambia kwa sauti ya chini, "Mkono vipi?" Nikamwambia mzima. Ndiyo maneno yote tuliyosema siku ile.

Nilirudi Ololosokwan kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu yake. Yeyo, mama yangu, alinipa maziwa bila kuuliza, maana uso wangu ulikuwa umeshamwambia. Baba alinisubiri nimalize kunywa. Nikamsimulia kila kitu, na nilipofika pale mkono ulipotafuta majani alisogeza kigoda chake karibu.

"Hayakuwepo?"

"Hayakuwepo, baba. Ni plastiki."

"Na huyo kijana akaachia?"

"Akaachia."

"Mmbulu?"

"Mmbulu wa Endabash. Mkulima."

Baba akawa anachora chini kwa fimbo yake. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema alidhani ninakwenda huko kujifunza ugomvi. Kama huko kuna mtu anayeona majani mahali ambapo hayapo, basi nirudi hukohuko, kwa sababu huko hawezi kuniharibu mtu. Kisha akainuka akaenda zizini, akanichagulia mtamba mweusi mwenye baka jeupe tumboni, akasema, "Huyu ni wake."

Kumfikisha yule mtamba Endabash ni habari nyingine. Tulimpandisha kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa anazunguka kwa njia ya Mto wa Mbu, na aliposhushwa Karatu akagoma kutembea, akasimama katikati ya barabara ya lami. Magari ya watalii yalisimama kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Wazungu wakatoa kamera. Dereva mmoja, mtu wa Kilimanjaro kwa lafudhi yake, akanipigia kelele dirishani, "Oya, Mmasai! Huyo naye ni big five?" Nilimjibu neno ambalo kocha wa taifa hapaswi kuliandika.

Mama yake mwenzangu alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Alimzunguka yule mtamba, akamtazama meno, akamtazama miguu, akaangua kicheko. Alisema bibi yake alimsimulia jinsi Wamasai walivyokuwa wanakuja kuchukua ng'ombe wao bila kuaga, na leo ameishi kuona mmoja ameletwa mpaka mlangoni, tena na lori. Alitukaangia kuku siku ile. Alifariki miaka michache baadaye na nililia kama mtoto wa nyumba ile.

Kwetu, ukimpa mtu ng'ombe, mnaacha kuitana majina. Yeye anakuita Pakiteng', nawe unamwita Pakiteng', na hilo linakuwa jina lenu ninyi wawili maisha yote. Nikiwasikia watu wakimwita jina lake la ubatizo hunichukua muda kuelewa wanamzungumzia nani.

Pakiteng' alisafiri nje na timu ya taifa. Alitolewa pambano la kwanza, akarudi na koti zito na picha aliyopiga kwenye theluji, na akasema theluji ni kama ukungu wa Karatu ulioanguka. Mwaka huohuo baba yake akaugua. Yeye alikuwa kitinda mimba, na kwao kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na wazazi na shamba. Aliacha mashindano bila kutangaza. Jumamosi aliendelea kuja, kwa ajili yangu. Aliniangusha, nikamwangusha, akapanda baiskeli akarudi kwenye maharage yake. Mwaka uliofuata nikawa bingwa. Nikawa bingwa tena. Nikapata mkanda mweusi, nikasafiri nchi ambazo majina yake baba hakuweza kuyatamka, na mwishowe nikaitwa kufundisha timu ya taifa. Kila hatua ile niliipanda kwa mkono huu, na kila medali niliyopata ilipitia Endabash kabla ya kufika Ololosokwan. Mzee wetu aliziona nyingi kabla hajatutoka, na kila mara alisema nilianguka vibaya.

Vijana wangu wa timu ya taifa kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kuachia. Kukaza baadaye. Nawaambia mwenzako asipogonga, sikiliza mkono wake. Ukiona unatafuta kitu, achia, mimi nitajibu kwa mwamuzi. Makocha wenzangu wanasema nalea watu laini, na wakati mwingine tumepoteza pambano kwa ajili hiyo. Nimewaambia waniache na ulaini wangu. Katika timu yangu hajavunjwa mtu na mwenzake mazoezini, na hilo najivunia kuliko medali.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa linanisumbua. Miaka yote nilimwuliza Pakiteng' kwa nini aliachia. Si kwamba alijuaje, hilo nilielewa. Nilitaka kujua alifikiri nini, akiwa na ubingwa mapajani mwake, hata akaufungua. Hakunijibu hata siku moja. Alisema, "Muulize ng'ombe." Mtamba alizaa, watoto wake wakazaa, zizi likajaa, na jibu likawa bado ni lilelile.

Siku hizi kila mwezi wa saba naileta timu Karatu. Tuna ukumbi wenye tatami halisi, na asubuhi tunakimbia barabara inayopanda kwenye lango la Ngorongoro, vijana wa Dar na Zanzibar wakitetemeka ndani ya masweta mawilimawili na kunitazama kwa chuki. Mwaka huu, Jumamosi ya kwanza, Pakiteng' alikuja na pikapu, gunia la maharage na gunia la mahindi, kama anavyofanya kila mwaka. Mchana tulikaa nje ya ukumbi, kwenye nyasi, tukila makande. Amenenepa sasa, na nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio.

Binti mmoja wa Zanzibar, mpambanaji wangu mzuri kuliko wote, alimsogelea na sahani yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mzee, eti ni kweli ulimshinda kocha?"

"Kweli kabisa. Aligonga mwenyewe, mimi nimekaa pembeni napumzika."

Walicheka wote. Binti hakuridhika. "Lakini si ulikuwa umeshamfunga? Mbona ulimwachia?"

Niliacha kutafuna. Nilingoja aseme habari za ng'ombe. Pakiteng' alikwangua makande ya mwisho kwenye sahani yake, akayala, akafuta midomo.

"Ningemvunja," alisema, "Jumamosi ningefanya mazoezi na nani?"

Vijana walicheka tena, wakafikiri ni utani. Mimi nilinyanyuka nikazunguka nyuma ya ukumbi kwenda kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula. Nilisimama pale kwenye bomba mpaka macho yakatulia. Miaka yote ile nilitafuta jambo kubwa, heshima ya mila yetu, au huruma, au Mungu. Kumbe alikuwa ananitaka Jumamosi. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho na mtu yeyote, na nilimshukuru Mungu pale bombani kwa sauti.

Niliporudi alikuwa amevua viatu na kukunja suruali. "Njoo, Pakiteng'," aliniita. "Leo si Jumamosi?"

Tulishikana kola palepale kwenye majani, wazee wawili wenye vitambi, na timu ya taifa imetuzunguka inapiga makofi. Nilimwangusha, ndiyo, nisikose la kujisifia. Lakini tulipofika chini aligeuka kwa wepesi ambao sikuutarajia, na mkono wangu wa kulia ukawa katikati ya mapaja yake. Akavuta taratibu. Ningeweza kugonga, nimewafundisha wengi kugonga. Mkono wangu wa kushoto ukaenda chini wenyewe, ukapapasa, na safari hii majani yalikuwepo. Nikayang'oa, nikayainua juu watoto wote wakiangalia. Pakiteng' akaniachia, akalala chali akihema, akauliza kama makande yamebaki.